Hukwe Zawose na Wanaoitikia

Wazazi wangu walitoka Darakasi, nami nimekulia Mombasa. Vave, nyimbo za wakulima wa Kibajuni, nimezisikia kwa babu tu, akiimba peke yake barazani, bila shamba wala waitikiaji. Kwa sababu hiyo nimemsikiliza Hukwe Zawose nikiwa na swali moja: muziki wa jadi ukihama kwao, huendelea kuishi kwa nini?

Zawose, Mgogo aliyezaliwa mkoani Dodoma mwaka 1938, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alipiga ilimba, zeze, filimbi na ngoma, huku akiimba na kucheza na njuga miguuni. Wengi humsifu kwa wingi wa ala. Naona sifa hiyo ni kweli lakini haitoshi, maana inamtenga na watu waliompa muziki huo.

Tulinganishe albamu mbili. Katika Chibite (1996) ala ni za Kigogo. Ilimba ina vichuma visivyoguswa na kidole, ambavyo hutetema vyenyewe vingine vikipigwa. Mvumo huo unasikika wazi, na sauti ya mwimbaji inauegemea. Katika Assembly (2002), aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, gitaa la umeme na midundo ya studio vimejaza nafasi hiyo. Sauti ya Zawose bado ina nguvu, lakini mvumo umefunikwa, na kwangu huo ni upungufu mkubwa.

Hata hivyo, kazi yake kubwa zaidi haimo katika albamu yoyote. Huko Bagamoyo, mbali na Ugogo, aliilea familia yake katika muziki. Alifariki Desemba 2003, na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wake, walitoa albamu ya Maisha. Wanawake, ambao kwa desturi waliachiwa kuitikia, sasa wanaongoza.

Jibu la swali langu, basi, ni waitikiaji. Babu yangu sauti anayo, na maneno bado anayakumbuka. Mimi na binamu zangu tunakaa nyumba ya pili kutoka kwake, na hakuna kati yetu anayejua hata kiitikio kimoja.