Gitaa la Pili

Mtu akiwekewa "Sina Makosa" ya Les Wanyika kwa mara ya kwanza, sikio lake hukimbilia gitaa la solo, kisha sauti ya mwimbaji. Besi ataisikia tumboni bila kuitafuta. Lakini kuna kitu cha nne ambacho huenda asikisikie kabisa mpaka mwenzake amwonyeshe: gitaa la pili, lile la rithimu, linalorudia kifungu kimoja kifupi bila haraka wala kuchoka, kama bibi anayesuka ukili huku akizungumza na wageni. Macho yako kwa wageni, vidole viko kazini. Mpigaji wa gitaa hilo alikuwa Omar Shabani, na watu wa muziki walimwita Profesa.

Bendi iliyompa Shabani nafasi hiyo ilizaliwa mwaka 1978, na Afrika Mashariki haikuwa na mwaka wa kawaida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika mwaka mmoja nyuma. Shirika la ndege la pamoja lilikuwa limekufa, na Februari 1977 Tanzania ilikuwa imefunga mpaka wake na Kenya. Kisha, alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978, Jomo Kenyatta akafariki dunia Mombasa, na Kenya, ambayo haikuwa imepata kuwa na rais mwingine, ikawa chini ya Daniel arap Moi. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavuka mpaka na kuingia Kagera. Novemba Tanzania ilikuwa vitani. Kwa mtu aliyezaliwa Tanga na kutafuta riziki Nairobi, mambo yote hayo yalimhusu. Kwao kulikuwa na vita, alikokuwa akiishi kulikuwa na msiba, na katikati barabara imefungwa.

Wapigaji wa Wanyika walikuwa watu wa aina hiyo hasa.

Ndugu Wilson na George Kinyonga walikulia kimuziki Tanga, katika Jamhuri Jazz, enzi ambapo mji ule wa mkonge ulikuwa na Jamhuri upande mmoja na Atomic Jazz upande wa pili, na mashabiki wakigawanyika kama wa mpira. Mwaka 1970 wakahamia Arusha na kuunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka kuingia Kenya, na huko ndiko bendi ilikopata jina la Simba Wanyika. Siku hizo kuvuka mpaka hakukuwa jambo la kuagana kwa machozi. Nairobi ilikuwa na kampuni za rekodi na kiwanda cha kutengeneza santuri. Tanzania haikuwa nacho. Bendi ya Dar es Salaam ilirekodi katika studio za Redio Tanzania, utepe ukabaki kwenye maktaba ya redio, na wimbo ukaishi hewani tu. Aliyetaka santuri yenye jina lake katikati alipanda basi kwenda kaskazini.

Wapenzi wa majina watakuwa wameshaona kwamba ukoo huo unaitwa Kinyonga, yule mnyama wa kubadili rangi kila anapobadili tawi. Ndugu hao walibadili mji mara mbili na nchi mara moja, na bado walipiga muziki uleule wa Kitanga, mtulivu, wenye Kiswahili cha pwani kisichoazima kitu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1992, walipotoa albamu ya "Pepea" huko Uholanzi, kampuni iliyoitoa iliitwa Kameleon, yaani kinyonga. Jambo kama hilo mtu akilitunga kwenye hadithi ataambiwa amezidisha chumvi.

Basi mwaka 1978, mambo yote yalipokuwa yakipasuka, Simba Wanyika nayo ikapasuka. Shabani akaondoka, wakaondoka pia mpiga besi Tommy Malanga, mpiga dramu Rashid Juma, mwimbaji Issa Juma na wengine. Waliotoka wakaungana na John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa tayari anapiga muziki Kenya, na ilipofika Novemba wakawa bendi mpya. Wakajiita Les Wanyika. Jina hilo ni kichekesho kidogo cha sarufi. "Les" ni alama ya wingi ya Kifaransa, iliyoazimwa kwa sababu bendi za Kikongo ndizo zilizokuwa zikitamba mjini. Na "wa-" ni wingi wetu wenyewe. Wakajikuta na wingi mara mbili, wakati walikuwa wachache kuliko bendi waliyoiacha.

Uchache huo ndio uliowafanya.

Bendi kubwa za wakati huo zilikuwa na safu ya tarumbeta na saksafoni, waimbaji watatu au wanne, na magitaa yaliyojibizana kama watu sokoni. Ulikuwa muziki mzuri, na hapana haja ya kuubeza ili kuwasifu wengine. Les Wanyika walikuja na sauti nyembamba. Solo, rithimu, besi, dramu, koo mbili tatu za kuimba. Kila chombo kilisikika peke yake, hivyo kila kosa nalo lingesikika. Malanga alipiga besi kama mtu anayejua thamani ya kunyamaza: noti chache, kisha nafasi, kisha noti nyingine pale ambapo mguu wa mchezaji ulikuwa umeshaanza kuisubiri. Rashid Juma aliiweka dramu chini ya wimbo, si juu yake. Na kati ya besi na solo ndipo Shabani alipofanya kazi yake.

Kazi ya mpiga rithimu ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Hapigi nyuzi zote kwa pamoja kama anayegonga mlango. Huzichambua moja moja, ili kodi ifunguke kidogo kidogo masikioni. Akishapata kifungu chake, hukirudia. Hapo ndipo mtihani unapoanza, kwa kuwa mkono wa binadamu huchoka na akili yake huchoka mapema zaidi. Akiharakisha kidogo tu, wachezaji ukumbini hawatajua kilichotokea lakini miili yao itajua. Akiona uvivu na kuongeza madoido, atamkanyaga mwimbaji. Mpiga solo akienda matembezini juu kabisa ya shingo ya gitaa, rithimu ndiyo nyumba atakayorudia, na nyumba haihami mwenyewe akiwa safarini. Shabani alikuwa na ustadi wa kukirudia kifungu hata kikaonekana kipya, pengine kwa kukiegemeza sauti upande mwingine, pengine kwa kukiacha kipumue robo ya sekunde. Ni mambo madogo kiasi kwamba kuyaandika ni kama kuyatia mwanga mkali mno.

Kisa chenyewe cha "Sina Makosa" ni cha mtaani. Mwanamume anajitetea mbele ya mwanamume mwenzake aliyejaa hasira na shuku kwa sababu ya mwanamke, na anaona anataka kuangamizwa bure. Hakuna mpaka ndani ya wimbo huo, hakuna rais, hakuna Kagera. Hakuna hata jina la mji. Asiyejua tarehe yake hawezi kuitambua kwa kusikiliza maneno.

Katika miezi hiyohiyo nyimbo zilizotaja mambo kwa majina zilikuwepo nyingi. Redio Tanzania ilirusha nyimbo za kumlaani Amin na kuwapa moyo askari, na waliokuwa watoto wakati huo bado wanazo kichwani. Kenya ilikuwa na nyimbo za kumlilia Kenyatta, na muda si mrefu zikaja za kusifu Nyayo, kaulimbiu ya Moi. Zilifanya kazi yake na zilihitajika. Ila zikisikika leo, msikilizaji hukumbuka tukio. Ikipigwa "Sina Makosa" hukumbuka alikuwa wapi, na nani, na alikuwa na shati gani. Tofauti hiyo si ya bahati. Fundi aliyeacha nafasi katika wimbo wake alimwachia msikilizaji mahali pa kuweka mambo yake mwenyewe, na mwaka kama ule kila mtu alikuwa na mengi ya kuweka.

Njia ya kuyaweka ilikuwepo pia, nayo ni vipindi vya salamu. Redio ilikuwa posta ya pili. Mtu alijaza kadi: jina lake, mahali alipo, orodha ya wanaopelekewa, na mwisho wimbo anaoutaka. Kadi ilikuwa ndogo, na mtangazaji angeisoma mbele ya taifa zima, pamoja na wakwe. Hakuna aliyeweza kuandika pale ugomvi wake na shemeji, au shuku aliyotupiwa kazini, au sababu iliyomfanya mwaka huo asionekane kwao. Aliandika majina, kisha akachagua wimbo, na wimbo ukasema uliobaki. Kwa shughuli hiyo ni vigumu kupata jina lililo tayari kuliko "Sina Makosa". Ni sentensi kamili. Mume angeweza kuituma kwa mke, mdaiwa kwa mdai, kijana kwa baba wa msichana.

Na inawezekana kuisikia kwa namna nyingine. Serikali mbili zilikuwa zikilaumiana juu ya nani aliua Jumuiya, kila moja ikiwa na hesabu zake za ndege, mabehewa na madeni. Chini yao kulikuwa na watu wa Lunga Lunga na Horohoro, wa Taveta na Holili, wa Namanga zote mbili, ambao shangazi alikuwa upande huu na shamba upande ule, na ambao hawakuwa wameulizwa chochote. Mtanzania akisimama mbele ya maikrofoni Nairobi, mwaka ule, na kuimba kwamba yeye hana kosa! Wanyika hawakukusudia hivyo, na kuwasingizia siasa kungekuwa kuwakosea adabu. Lakini wimbo ukishatoka studio haumwombi mtunzi ruhusa. Mawimbi ya redio yalivuka Namanga bila kuonyesha pasi, na wimbo wa vijana wa Tanga waliokwama kaskazini ukafika Tanga.

Upande wa Tanzania nao ulikuwa na mpasuko wake wenye heri. Mwaka huohuo wa 1978 Dar es Salaam ilipata bendi ya Mlimani Park, iliyokusanya watu waliotoka bendi nyingine, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo na King Michael Enoch, na mtindo wao wa Sikinde ukakaa mjini kwa miongo.

Mpaka uliofungwa ulimkuta pia mwanamuziki mkubwa kuliko wote. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mzaliwa wa Mzenga, aliyepata kwenda na Morogoro Jazz hadi Maonyesho ya Osaka ya 1970 na baadaye kuongoza Super Volcano, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Alikuwa na umri wa miaka 34. Yeye alikuwa fundi wa solo, mtu ambaye gitaa lake lilitangulia mbele ya wimbo kama mwenye taa. Wimbo wake wa "Shida" ulibaki midomoni mwa watu pande zote mbili, na neno hilo halikuhitaji maelezo kwa yeyote aliyepanga foleni ya sukari miaka iliyofuata vita.

Santuri ndogo za wakati ule zilikuwa na hila yake. Upande mmoja haukutosha wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Maneno yakiwa bado yanaendelea, sauti ilififia, sindano ikakwaruza mwisho wa sahani, mtu akainuka kuigeuza. Waliocheza walisimama walipokuwa, mkono ukiwa bado begani mwa mwenzi. Waliozisikiliza hivyo wanajua kwamba katika ukimya ule kichwa hakinyamazi. Solo imekwisha kupotea, mwimbaji kanyamaza, lakini kile kifungu cha gitaa la pili kinaendelea chenyewe, na upande wa pili unapoanza humkuta msikilizaji yuko kwenye mdundo uleule.

Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983. Wakati huo Issa Juma alikuwa ameshaondoka kuunda Super Wanyika, na ndugu wa Kinyonga walikuwa wamejijenga upya na kurekodi kwa nguvu mpya. Les Wanyika nao waliendelea. "Dunia Kigeugeu" na "Pamela" ni kazi za bendi iliyokomaa. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, Shabani mwaka 1998, na Ngereza mwaka 1999.

Siku hizi nyimbo hizo zinapigwa na vijana waliozaliwa mpaka ukiwa umeshafunguliwa zamani, katika bendi za harusini na kwenye usiku wa zilipendwa. Wengi hujifunza solo kwanza, kwa sababu solo ndiyo inayoshangiliwa. Sehemu ya Shabani hupewa aliyebaki, na mara nyingi huyo husimama nyuma kidogo, karibu na dramu, ubavu wake kwa watu, akiangalia vidole vya mpiga besi. Anaanza yeye. Kifungu kinazunguka mara moja, mara mbili, na mara ya tatu viti vinaanza kusogezwa, wazee wa kike wanajifunga khanga zao vizuri, na mwimbaji bado hajafungua mdomo.