Matamanio Yenye Bei: Kuisoma Katalogi ya Vitu vya Kuchezea

Wahakiki wetu wamezoea kuitafuta fasihi katika riwaya, tamthilia na diwani. Ni nadra mtu kuichukua karatasi ya biashara akaisoma kwa makini yale yale. Hata hivyo, kuna kitabu kimoja cha biashara ambacho wasomaji wake wa utotoni, sasa watu wazima wenye mvi, hukikumbuka kwa mapenzi ambayo mtunzi yeyote wa riwaya angeyaonea wivu. Nacho ni katalogi ya Krismasi ya kampuni ya Sears ya Chicago, Marekani.

Katalogi hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1933. Ndani yake mlikuwamo gari-moshi la umeme la Lionel, saa ya Mickey Mouse, mwanasesere aitwaye Miss Pigtails, na hata ndege hai waimbao. Wateja waliiita "Wish Book", yaani Kitabu cha Matamanio, na mwaka 1968 kampuni ikalifanya jina hilo kuwa rasmi. Toleo la mwaka huo lilikuwa na kurasa 605, na 225 kati ya hizo zilikuwa za vitu vya kuchezea watoto.

Jina hilo lina maana kubwa kuliko wanavyodhani wanaolitaja. Tangu Sears ilipokomesha katalogi yake kuu mwaka 1993, wako wanaoyakusanya matoleo ya kale na kuyaweka kwenye intaneti ukurasa kwa ukurasa. Husema kwamba wanavikumbuka vitu walivyochezea. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto aliyelala kifudifudi sakafuni, penseli mkononi, huenda alitia alama kwenye vitu ishirini akapata viwili. Vilivyomkaa moyoni ni vile kumi na vinane. Katalogi, basi, yafaa isomwe kama zisomwavyo tungo za mapenzi: mpendwa husifiwa kiungo kwa kiungo kwa kuwa hayupo.

Ushahidi bora wa hoja hii hautoki Sears. Filamu ya Star Wars ilipotoka mwaka 1977, kampuni ya Kenner haikuweza kutayarisha sanamu za wahusika wake kabla ya Krismasi. Ikauza bahasha ya kadibodi yenye picha, pamoja na cheti cha kuagizia sanamu nne ambazo zingefika mwaka uliofuata. Wazazi wakanunua! Karatasi, iliyokuwa mjumbe wa kitu, sasa ikawa ndiyo zawadi yenyewe.

Roland Barthes, katika kitabu chake Mythologies (1957), aliwalaumu watengenezaji wa Ufaransa kwa kumpa mtoto dunia ya watu wazima iliyopunguzwa kimo, yenye jeshi lake, posta yake na utabibu wake, hata mtoto akawa mtumiaji asiyeumba kitu. Hoja yake ni nzito, lakini aliyatupia macho yake vitu vyenyewe, nayo hupwaya mbele ya katalogi. Juu ya ukurasa mtoto aliumba sana: alipanga, alifuta, alibishana na nduguye, alijenga chumba kizima cha vitu ambavyo havikuwapo.

Hatusemi haya ili kuitakasa. Kando ya picha palikuwa na bei, na bei ndiyo sehemu ya matini ambayo wenye hamu ya kale huiruka, au huicheka kwa udogo wake. Haikuwa ndogo kwa kila nyumba. Ni kweli kwamba zama za ubaguzi wa rangi, Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini waliweza kuagiza kwa posta pasi na kudhalilishwa dukani. Ukurasa haukuuliza rangi. Uliuliza fedha, na mtoto wa maskini alijifunza humo kusoma tarakimu kabla ya kusoma sifa.

Msomaji wa hapa Kenya huenda akauliza haya yatuhusu nini, sisi ambao wengi wetu tuliendesha magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya makopo. Yatuhusu kwa sababu hiyo hasa. Gari la waya halikuwa na katalogi. Aliyelitamani alilitengeneza jioni ile ile, au alimfuata mwenzake nyuma mpaka akapewa zamu. Kumbukumbu zake zina vidole vilivyochubuka na ugomvi wa njiani, lakini hazina ukurasa ambao mtafiti aweza kuufungua. Na wale wanaozihifadhi vichwani wanazidi kuzeeka.