Mwindaji Mzoefu Akirudi Darasani

Waswahili husema ajali haina kinga. Huko Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, wanaofundisha usalama wa uwindaji hawaikubali methali hiyo. Mwindaji akimpiga mwenzake risasi porini, taarifa rasmi haiiti ajali, inaita tukio. Ajali ni majaliwa. Tukio lina mtendaji, lina sababu, na lina hatua moja ndogo ambayo ingefuatwa, mtu angerudi nyumbani mzima. Kozi nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo. Na anayeona taabu kuikubali si kijana wa miaka 12 anayeshika bunduki kwa mara ya kwanza. Ni yule aliyewinda miaka 30 bila kumkwaruza mtu.

Mtu kama huyo anatafuta nini darasani? Mara nyingi ni sheria iliyomleta. Wisconsin ililifanya somo hili kuwa la lazima mwaka 1985, kwa waliozaliwa tarehe 1 Januari 1973 na baadaye, yaani watoto waliokuwa ndiyo kwanza wanatimiza miaka 12. Wakubwa wao waliachwa. Lakini Colorado, wanakokwenda wengi kuwinda paa wakubwa wa milimani, inawasamehe tu waliozaliwa kabla ya mwaka 1949. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa mwaka 1965, anayewinda kwao bila cheti kila Novemba, akifika dirisha la leseni la Colorado huambiwa hajahitimu. Wengine walisoma zamani, sasa wamerudi kumsindikiza mtoto au kujiandaa kuwa wakufunzi wa kujitolea. Wapo pia waliofungiwa leseni kwa kuvunja sheria.

Somo lenyewe lina umri wa kutosha kupimwa. New York ndiyo iliyotangulia kulitungia sheria, mwaka 1949. Mwaka 1970 Bunge la Marekani liliifanyia marekebisho sheria ya mwaka 1937 ya ushuru wa bunduki na risasi, ili sehemu ya fedha hizo igharimie mafunzo ya wawindaji. Wisconsin ilianza kufundisha mwaka 1967. Mwaka mmoja kabla, katika kila wawindaji 100,000, 44 walijeruhiwa. Tangu hapo kiwango hicho kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Sifa si za darasa peke yake: mwaka 1980 jimbo liliwalazimisha wawindaji wa paa kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa, ambayo jicho la binadamu huitambua upesi kati ya miti. Hata hivyo, vazi humsaidia mtu aonekane tu. Halimfundishi aliyeshika bunduki kutazama.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe. Tatizo la mzoefu si kutojua, maana kanuni karibu zote anazijua. Tatizo ni kwamba pori ni mwalimu mpole kupita kiasi. Mtu anaweza kuruka seng'enge mara 1,000 na bunduki iliyojaa risasi, asipatwe na lolote, na kila anapotua ng'ambo salama mwili wake huandika kwamba ndivyo inavyofanywa. Uzoefu wa namna hiyo haumsahihishi mtu, unampigia muhuri kosa lake. Ndiyo sababu mkufunzi anayeijua kazi yake hamwanzishi mzoefu kwa maswali. Humpa bunduki na risasi za mazoezi zisizo na baruti, kisha akakaa pembeni kumtazama mikono.

Chukua zoezi la kuvuka uzio. Kamba ikifungwa kati ya viti viwili inatosha kuwa seng'enge. Utaratibu ni huu: toa risasi zote, acha chemba wazi, ilaze bunduki chini na kuipitisha upande wa pili mdomo ukielekea mbali nawe, kisha sogea upande wa kitako ndipo uvuke. Unasomeka kwa nusu dakika. Lakini mzoefu aghalabu huchomoa magazini na kujiona amemaliza, huku risasi moja imebaki chembani. Au hutoa zote vizuri, akailaza bunduki mahali pale pale anapotaka kuvukia, akajikuta anapita mbele ya mtutu wake mwenyewe. Ungemuuliza kwa mdomo angejibu sawasawa. Mikono imejibu vingine.

Kanuni zenyewe ni nne, na Wisconsin huzikaririsha kwa herufi nne za mwanzo za Kiingereza, TAB-K. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Elekeza mdomo wake mahali salama wakati wote. Uwe na hakika na unachokilenga, kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake. Weka kidole nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari kupiga. Uhodari wa mpangilio huu ni kwamba kila kanuni inalinda pale nyingine inapoanguka. Ukidhani bunduki haina risasi kumbe inayo, kidole kilicho nje kinakuokoa. Kidole kikiteleza, mdomo ulioelekezwa ardhini unamwokoa jirani. Mara nyingi mtu hujeruhiwa pale kanuni mbili zinapovunjwa kwa mpigo, na mzoefu aliyezoea kupuuza moja anatembea siku zote akiwa amebakiza hatua moja tu.

Kanuni ya tatu ndiyo inayowaumbua wakongwe wengi. Wapo waliozoea kutumia darubini iliyofungwa juu ya raifo kutambua kinachotikisa kichaka. Maana yake wanakielekezea mtutu kitu wasichokijua, na huenda kitu hicho ni mtu. Darubini ya kutazamia ni ile ya shingoni. Vivyo hivyo paa anaposimama kileleni mwa kilima, nyuma yake mbingu tupu: hapigwi, kwa sababu risasi ya raifo ya .30-06 ikikosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 4, na mpigaji haoni ng'ambo ya kilima kuna nini. Katika msako wa kundi, ambapo baadhi huwafukuza wanyama na wengine huvizia, hesabu hii huwa ngumu zaidi. Wawindaji watatu wanaotembea sambamba hugawana pembe za kupigia, kila mmoja nyuzi 45 hivi mbele yake. Mnyama akikatiza kuingia upande wa mwenzako, bunduki inashushwa hata kama ulimwona wewe kwanza.

Kuna somo jingine ambalo vijana hulipokea kama kisa tu, mzoefu akalisikia mpaka tumboni. Bunduki za marisau hupimwa kwa geji, na geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kimakosa katika bunduki ya geji 12, hupita chembani na kukwama ndani ya mtutu. Mwindaji hufyatua, husikia mlio mkavu, hufungua na kuona chemba tupu, akatia risasi sahihi ya geji 12 na kufyatua tena. Mtutu hupasuka karibu na mkono ulioushikilia. Ndiyo maana risasi za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Anayeanza ana bunduki moja na boksi moja. Hatari hii humnyemelea mwenye bunduki tatu na koti la zamani lenye mifuko minane.

Yapo pia mambo ambayo wakongwe hawakufundishwa kabisa. Wengi walipanda ulingo wa mtini kwa mikono mitupu, au kwa mkanda mmoja wa kiunoni. Leo kozi inadai mkanda wa mwili mzima, uliofungwa tangu miguu inapoachana na ardhi, na bunduki isiyo na risasi ivutwe kwa kamba baadaye, maana kuanguka kutoka mtini kumekuwa miongoni mwa sababu kubwa za majeraha. Halafu upo ugonjwa wa paa unaowadhoofisha na kuharibu ubongo, uliobainika Wisconsin kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Siku hizi mwindaji anahimizwa kupeleka sampuli ya mnyama ipimwe, na kutokula nyama majibu yakionyesha ugonjwa. Miaka 30 ya kuchuna ngozi haimwambii mtu hilo.

Udhaifu wa mfumo uko pale unapomhurumia mtu mzima. Texas inamruhusu mwenye miaka 17 na kuendelea kumaliza kozi yote mtandaoni. Colorado imewafungulia wenye miaka 50 na zaidi njia ya mkato ya kufanya mtihani tu. Ni ukarimu unaoeleweka, kwani mtu ana kazi na familia, na jimbo linataka anunue leseni. Lakini mtihani wa karatasi unapima kile hasa ambacho mzoefu hana shida nacho. Atapata alama nzuri, kisha Jumamosi ataruka seng'enge kama alivyoiruka mwaka 1990. Kama kuna wa kupunguziwa masomo, apunguziwe kurasa. Uwanjani afike kama watoto, ashike bunduki huku mtu mwingine akimtazama.

Kwa hiyo mzoefu anayejiuliza kama kweli anahitaji kurudi darasani asihesabu miaka yake wala paa aliowaangusha. Atoe risasi zote, afunge kamba kati ya viti viwili, amwite mwenzake amtazame akivuka. Jibu atalipata kabla hajafika upande wa pili.