Ncha ya Skrubu

Ngare, kwa lugha ya Wamaasai na Wasamburu, ni maji, na huko Ngaremara, kandokando ya barabara itokayo Isiolo kwenda Archer's Post, kila mtu anajua kinachotokea mkondo ukikatika. Kichwa cha mfupa wa paja nacho huishi kwa mkondo wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya damu yake hupanda kwa mishipa myembamba iliyolala juu ya shingo ya mfupa. Nyanya akijikwaa mlangoni pa manyatta, shingo ikavunjika na vipande vikaachana, mishipa huchanika pamoja nayo. Kichwa hubaki mahali pake, lakini huanza kufa kwa kiu.

Ndiyo maana daktari wa mifupa huanza kazi kabla hajagusa kisu, kwa kuikodolea macho eksirei: mfupa umevunjika shingoni au chini ya shingo? Chini ya shingo damu ipo tele, mfupa utaunga ukishikwa vizuri. Shingoni, vipande vikiwa vimeachana, mara nyingi kwa mzee hakuna cha kungoja. Kichwa kitolewe, kiwekwe cha chuma.

Kichwa hicho hutolewa kwa chombo kinachofanana na kizibuo, kikapimwa kipenyo kwa milimita. Cha chuma kikizidi hakiingii sawasawa. Kikipungua hulisaga gegedu la kikombe cha nyonga. Halafu inakuja saruji. Ndilo jina wanaloiita, ingawa ni plastiki: unga na kimiminika hukorogwa papo hapo chumbani, na kwa muda wa kama dakika 10 mchanganyiko hupata joto na kuganda. Kabla ya kuushindilia ndani ya mfupa, mpasuaji humtahadharisha mtaalamu wa ganzi, maana shinikizo la damu laweza kushuka ghafla. Kisha hukishikilia chuma bila kutikisika mpaka saruji iwe jiwe. Sijui kazi ngumu kwa mtu mwenye haraka kuliko hiyo ya kusimama, kushika, na kutofanya lolote zaidi.

Hata hivyo, mimi mapenzi yangu yako kwa skrubu, ile ya mfupa uliovunjika chini ya shingo. Mgonjwa hulazwa juu ya meza maalumu, mguu ukavutwa na kuzungushwa kidogo kwa ndani hadi picha ionyeshe vipande vimekutana. Waya mwembamba hutangulia, ukiingilia ubavuni mwa paja na kupanda kupitia shingo hadi ndani ya kichwa. Kila kitakachofuata kitapita njia ya waya huo, kwa hiyo mpasuaji makini akiuona umekengeuka huuchomoa akaanza upya, bila kuona haya. Mwaka 1995 Michael Baumgaertner na wenzake huko Marekani walipima umbali kati ya ncha ya skrubu na kilele cha kichwa cha mfupa, kwenye picha ya mbele na ya ubavuni, wakajumlisha. Katika wagonjwa wao, hakuna skrubu iliyotoboa mfupa pale ambapo jumla haikuzidi milimita 25. Upana wa kidole gumba hivi, ndani ya mfupa usioonekana kwa macho!

Na skrubu yenyewe haikufungwa ikakaa tuli. Huteleza ndani ya bomba fupi la bamba la chuma, ili nyanya anapokanyaga, uzito wake uvisukume vipande vibanane. Anayetembea humalizia kazi ya fundi.

Kwa sababu hiyo kesho yake huinuliwa kitandani, na fremu ya kutembelea. Zamani mguu ulivutwa kwa vizito wiki nyingi, na waliouawa na homa ya mapafu, vidonda vya kulalia au damu iliyoganda hawakuuawa na mfupa. Miongozo ya Uingereza inataka upasuaji ufanywe siku ya kulazwa au inayofuata.

Basi mzee akianguka, mguu ukaonekana mfupi na kidole gumba kikatazama nje, asikandwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na akirudi na kichwa cha chuma, mtafutieni kiti kirefu: ngozi ya chini na kigoda kifupi kama ekicholong hupandisha magoti juu ya nyonga, na chuma kinaweza kuchomoka.