Waya Mmoja kwa Wakati: Plagi ya Betri Inavyofungwa kwa Usalama

Plagi ya ukutani katika nyumba za Nairobi ina fyuzi ya ampea 13, na umeme unaoipitia ni wa volti 240. Mzazi humkataza mtoto kuichezea, na hakosei. Mtoto huyo huyo jioni huteremka kwenye maegesho ya Kileleshwa au Lavington na gari lake la rimoti, la ukubwa wa moja kwa kumi, ambalo likichomoka kwa kasi linaweza kuvuta ampea 40 kutoka kwenye betri inayoenea kiganjani. Volti zake ni 11 tu, hazimrushi mtu. Ila ampea hizo zinatosha kuyeyusha plastiki, kuunguza kidole na kuwasha moto mezani. Sehemu kubwa ya hatari hiyo hukusanyika mahali pamoja padogo, kwenye plagi inayounganisha betri na gari.

Uchambuzi huu unafuata kazi moja, ile ya kuondoa plagi ya zamani na kufunga mpya ya aina ya XT60. Inafanywa kwenye meza za mafundi wa Luthuli Avenue, na inafanywa pia vyumbani na vijana wa Kangemi na Kawangware waliojifunza wenyewe. Tofauti kati ya kazi salama na kazi ya hatari huwa katika mpangilio wa hatua zaidi ya ubora wa vifaa.

Plagi ya zamani inashindwa wapi

Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, mwaka 1976. Betri zilizozoeleka katika magari yaliyofuata zilikuwa za nikeli na kadimiamu, seli sita zikitoa volti 7.2, na mota zilikuwa za brashi. Plagi nyeupe ya plastiki iliyozoeleka kwa jina la kampuni hiyo iliwafaa watu wa wakati ule. Ndani yake mna vibati vyembamba vilivyokunjwa, vinavyomudu takriban ampea 15.

Siku hizi gari la aina hiyo hiyo hubeba betri ya lithiamu-polima ya seli tatu. Kila seli ina volti 3.7 za wastani na 4.2 ikijaa, kwa hiyo betri nzima ikijaa hufika volti 12.6. Betri ya miliampea-saa 2,200 iliyoandikwa 25C, yaani mara 25 ya uwezo wake wa saa moja, inaahidi ampea 55. Mota isiyo na brashi haichelewi kuzidai.

Hesabu ya joto inaeleza yaliyobaki. Joto la kiungo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Kiungo chenye ukinzani wa nusu miliohmu kikipitishwa ampea 40 hutoa wati 0.8, joto ambalo hewa inaliondoa bila shida. Kiungo kibovu cha miliohmu 5, kwa mkondo uo huo, hutoa wati 8. Wati 8 zikifungiwa ndani ya plastiki isiyozidi ncha ya kidole, plastiki hulainika, vibati hulegea, ukinzani hupanda, na joto huongezeka tena. Ndiyo sababu plagi iliyobadilika rangi haingojwi wikendi nyingine. Inakatwa siku hiyo hiyo.

XT60, iliyobuniwa na kampuni ya Amass ya China, ina pini nene za milimita 3.5 zilizopakwa dhahabu ndani ya nailoni ya njano inayostahimili joto. Umbo lake haliruhusu kuchomekwa kinyume, na alama za chanya na hasi zimechorwa kwenye plastiki yenyewe. Namba 60 ni kipimo cha ampea, lakini usiitegemee hadi mwisho. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi hubeba joto kidogo kuliko hewa ya Mombasa. Jiachie nafasi.

Waya sokoni

Plagi nzuri ikifungwa kwenye waya mbaya, kazi imeharibika. Kwa ampea 40 tafuta waya wa geji 12 wenye ganda la silikoni, ulio na nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Ganda la silikoni halikunjamani chuma cha kulehemu kikikaribia.

Wanaobana pesa hukimbilia waya wa spika za magari, ule mnene unaong'aa. Mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya uwezo wa shaba. Mtihani wake ni wa dakika moja. Menya ncha, kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, mrudishie mwenye duka.

Upande upi uwe na matundu

Kukosea upande wa plagi ni kosa linalozaa ajali. Betri haizimwi. Tangu ilipotoka kiwandani ina umeme ndani yake, na nusu ya plagi inayobaki nayo itakuwa na umeme saa zote. Basi nusu hiyo lazima iwe ile ya matundu, ambayo chuma chake kimezama ndani ya plastiki, kama vile soketi ya ukutani ilivyo na matundu na pasi ikawa na pini. Pini zilizo wazi hukaa upande wa gari, na pia kwenye waya wa chaja. Ukigeuza mpango huu, funguo za mfukoni zinatosha kupiga shoti.

Kazi yenyewe

Fundi makini huanza na gari, wala si betri. Gari halina umeme, kwa hiyo makosa ya mwanzo hayamgharimu chochote na mkono hupata joto la kazi. Betri huja mwisho.

Ikifika zamu ya betri, sheria ni moja: waya mmoja kwa wakati. Betri ya seli tatu iliyojaa ikiwa na ukinzani wa ndani wa miliohmu 20 na ikapigwa shoti, hesabu inatoa ampea 630. Anayekata waya mwekundu na mweusi kwa koleo moja kwa pigo moja ameunganisha chanya na hasi kwa chuma cha koleo. Meno ya koleo huyeyuka na cheche humrukia usoni.

Kwa hiyo mweusi hukatwa peke yake, na mwekundu hubaki mzima ndani ya plagi ya zamani. Neli ya plastiki inayosinyaa kwa joto huvishwa kwenye waya kabla ya kulehemu, kwa sababu baadaye haitapita. Ncha humenywa kiasi cha kina cha kikombe cha pini tu, yaani kishimo cha nyuma kinachopokea waya. Hupakwa flaksi ya utomvu wa msonobari, kisha lehemu mpaka nyuzi zote zishikane. Flaksi ya asidi ya mafundi bomba isitumike, maana hubaki ikila shaba kimyakimya. Kikombe cha pini nacho hutiwa lehemu. Waya na kikombe hukutanishwa, chuma hugusa, lehemu mbili huwa moja, na waya hushikwa bila kutikiswa mpaka ipoe.

Wakati huo nusu nyingine ya plagi, ya akiba na isiyofungwa waya wowote, huwa imechomekwa mbele. Kazi yake ni kunyonya joto na kuzishika pini zisipinde nailoni ikilainika.

Lehemu ya bati na risasi ya 63 kwa 37 huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, lakini ncha ya chuma inatakiwa kati ya 350 na 400, na chuma kiwe cha wati 60 au zaidi. Wengi hudhani chuma dhaifu ndicho salama kwa betri. Mambo ni kinyume. Waya wa geji 12 hunyonya joto haraka, na chuma cha wati 30 hukaa hapo muda mrefu huku joto likisafiri hadi kwenye seli. Chuma chenye nguvu humaliza kwa sekunde chache. Lehemu iliyoshika vyema hung'aa na kuufuata mzunguko wa waya. Iliyokuwa kijivu, yenye chembechembe au umbo la tone, haijashika.

Neli ikishasinyazwa juu ya kiungo na chuma kisionekane popote, ndipo waya mwekundu hukatwa na hatua zile zile kurudiwa. Waya nne nyembamba za kusawazisha seli haziguswi kabisa.

Kabla ya kuchomeka

Vuta kila waya kwa nguvu. Kiungo kinachotoka mkononi kingetoka barabarani. Kisha weka mita ya umeme kwenye plagi ya betri, waya mwekundu wa mita kwenye alama ya chanya. Mita ikionyesha alama ya kutoa, umegeuza nyaya, na kidhibiti cha mota kingeungua mara tu ungechomeka. Upande wa gari, pima kama chanya na hasi vimegusana.

Mtihani wa mwisho unahitaji balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, inayopatikana kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Ifunge kwenye waya wa chanya kati ya betri na gari. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na kuzuia mkondo usipite ampea 2 hivi. Betri haitadhurika na utakuwa umejua. Kama kazi ni safi, itamulika mara moja kapasita za kidhibiti zikijaa, kisha izime au ibaki hafifu. Usiongeze mwendo kwa rimoti balbu ikiwa hapo.

Matumizi

Wenye ndege za rimoti na betri za seli sita huona cheche kila wakichomeka. Ni kapasita za kidhibiti zinazojaa kwa ghafla, na kila cheche huchimba shimo dogo kwenye pini. Dawa yake ni XT90-S, ambayo ina kikinzani ndani kinachogusa kwanza. Wakati wa kuchaji, pini ndefu za waya wa chaja ziingie kwenye chaja kwanza, betri ifuate. Ukianza na betri, pini hizo zitaning'inia wazi zikiwa na umeme. Ukichomoa, shika plastiki, usivute waya. Na ukitoka kwenye udongo mwekundu wa Dagoretti, futa matundu kwa brashi kavu, kwa kuwa vumbi huongeza ukinzani.

Jiji letu sasa lina bodaboda za umeme, na betri zake zinafuata kanuni hizi hizi kwa nguvu kubwa zaidi. Kijana anayejifunza leo kufunga plagi ya gari dogo kwa utaratibu anajiandalia kazi ya kesho, na anastahili kufundishwa vizuri. Mzazi, kabla ya kumlipa fundi, mwombe akufanyie mtihani wa balbu mbele ya macho yako. Akikataa, chukua betri yako uende meza ya pili.