Msomaji wa Makuyu: Imani ya Muthoni na Dini ya Misheni katika The River Between

Utangulizi

Watu wa kwanza kuupokea Ukristo miongoni mwa Wagikuyu waliitwa athomi, yaani wasomaji. Jina hili lilitokana na hali halisi ya mambo: aliyeingia misheni aliingia darasani pia, na ubatizo ulikwenda sambamba na kujua kusoma. Hata hivyo jina lenyewe lilibeba ahadi ambayo misheni haikuwa tayari kuitimiza kila mara. Anayesoma aweza kuelewa kwa akili yake, na anayeelewa kwa akili yake aweza kuamini bila ya kungoja ruhusa ya aliyemfundisha. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza ahadi hiyo jinsi inavyojitokeza katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between, iliyochapishwa mwaka 1965, na hasa katika mhusika ambaye uhai wake katika riwaya ni mfupi mno, naye ni Muthoni binti Joshua.

Wahakiki wengi wamemwona Muthoni kuwa daraja. Husemwa kwamba anataka kuunganisha vilima viwili vinavyotazamana, Makuyu ya Wakristo na Kameno ya wenye kushika mila, na kwamba kifo chake chaonyesha ugumu wa muungano huo. Usomaji huu una ukweli, lakini hautoshi. Unamchukulia Muthoni kuwa nusu Mkristo na nusu mwana wa kabila, kana kwamba kila upande ulimpa kipande naye akajaribu kuviunga. Hoja yetu ni tofauti. Muthoni ni Mkristo mzima tangu mwanzo hata mwisho. Anachokikataa si Kristo bali mamlaka ya misheni ya kuamua nani ni wa Kristo na nani si wake. Twadai zaidi kwamba riwaya yenyewe yalijua jambo hili, ila haikulipa nafasi ya kutosha.

Usuli wa mgogoro

Riwaya haitaji tarehe, lakini msomaji wa historia ya Kenya hawezi kukosa kuusikia mwaka 1929 ndani yake. Katika mwaka huo Misheni ya Kanisa la Scotland, chini ya Dakta John Arthur wa Thogoto, pamoja na African Inland Mission na Gospel Missionary Society, ziliwataka waumini wake waape kuiacha tohara ya wasichana. Kiapo hicho kilitiwa alama ya kidole gumba, na kwa sababu hiyo kikaitwa kirore. Waliokataa walitengwa na ushirika, na watoto wao wakafungiwa milango ya shule. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilipiga marufuku wimbo na ngoma ya Muthirigu iliyowakejeli wamisheni. Kutokana na mgogoro huo zikakua shule huru, chini ya Kikuyu Independent Schools Association na Kikuyu Karing'a Educational Association.

Jambo moja katika mgogoro huo lawahusu hasa wanaisimu. Agano Jipya la Kigikuyu lilikuwa limekamilika mwaka 1926. Katika kuitafsiri dhana ya bikira, watafsiri walilitumia neno mũirĩtu. Kwa Wagikuyu wa wakati ule, mũirĩtu hakuwa msichana yeyote asiyeolewa, bali msichana aliyekwisha kutahiriwa. Ambaye hajatahiriwa aliitwa kĩrĩgũ. Basi wasomaji walipolifungua Agano lao walimkuta Mariamu mama wa Yesu akiitwa mũirĩtu, wakawauliza viongozi wa misheni swali lisilokuwa na jibu jepesi: ikiwa mama wa Bwana ni mũirĩtu, ni kwa andiko gani binti zetu wanakatazwa? Aweza mtu kusema kwamba hoja hii ilijengwa juu ya ajali ya tafsiri. Ni kweli. Lakini kilicho muhimu kwetu si kama hoja ilikuwa sahihi kiisimu, bali ni kule kuwapo kwake. Misheni ilikuwa imewapa watu Kitabu katika lugha yao, na kwa kufanya hivyo iliwapa pia kipimo cha kuipimia misheni yenyewe.

Joshua na hoja ya binti yake

Joshua, babake Muthoni, si mnafiki. Hili hatuna budi kulitamka wazi, kwa kuwa ni rahisi kumfanya kikaragosi. Anaamini kwa moyo wote, na katika siku zake za kwanza aliamini kwa ushujaa, akiwa mmoja wa wachache walioikimbilia Siriana. Kasoro yake ni mahali alipoiweka imani hiyo. Ameitia yote katika kanuni alizokabidhiwa, hata imekuwa haiwezekani kwake kumtazama binti yake mwenyewe ila kupitia kanuni hizo. Kadhalika anamtazama mkewe Miriamu hivyo hivyo: anaomba msamaha kwa Mungu kwa sababu alioa mwanamke aliyetahiriwa. Yaani ndoa iliyompa watoto wake imegeuka kuwa dhambi, si kwa kosa lolote la mke wake, bali kwa sababu mkewe alikuwa msichana wa Kigikuyu kabla misheni haijafika.

Muthoni anaipata hoja yake papo hapo. Anapomfunulia dada yake Nyambura siri yake kando ya mto Honia, hazungumzi kama mtu aliyeichoka dini. Anatumia mantiki ya wazi: baba na mama wametahiriwa, je, si Wakristo? Ikiwa tohara haikumzuia mama kumfikia Kristo, itamzuiaje binti? Hoja hii haina mahali inapovuja. Joshua ana njia mbili tu za kuijibu. Ama akiri kwamba tohara haimwondoi mtu katika imani, ama aseme kwamba Miriamu si Mkristo kamili. Sala zake za toba zaonyesha kwamba, pasipo kujua, amekwisha kuichagua njia ya pili.

Hapa ndipo tunapomwita Muthoni msomaji. Kusoma tunakokusudia si kufungua kurasa tu, bali ni kulichukua neno ulilofundishwa, kulilinganisha na maisha uyaonayo, na kukata shauri mwenyewe. Wengine katika nyumba ile wanaisikia dini na kuitii. Muthoni peke yake ameiuliza swali. Wala hakuiuliza ili aiache. Tamaa yake ni kuwa mwanamke kamili miongoni mwa watu wake na kuwa wa Kristo kwa wakati ule ule, na haoni kwamba Kristo amemkataza.

Wafasiri wa kifo

Jeraha la Muthoni halikupona. Waiyaki na wenzake wakampeleka hospitali ya Siriana, naye akafa akiwa amemwachia Waiyaki ujumbe kwa Nyambura: kwamba anamwona Yesu, na kwamba amekuwa mwanamke. Baada ya hapo riwaya inatuonyesha jambo la kusikitisha kuliko kifo chenyewe. Kila asasi inakuja kumfasiri marehemu. Kwa Joshua, binti huyo alikwisha kufa siku alipotoka nyumbani. Kwa wamisheni wa Siriana, kifo hiki ni ushahidi wa ukatili wa mila, na milango ya shule inafungwa kwa watoto wa wanaozishika. Kwa Chege, mlinzi wa siri za vilima, ni adhabu kwa Joshua na onyo kwa wote walioyafuata mambo ya wageni. Kabonyi, aliyekuwa mwenzake Joshua katika imani, anatoka kanisani na hatimaye anapata nguvu mpya katika Kiama.

Tazama jinsi ufasiri wote huu unavyofanana. Hakuna aliyeuliza Muthoni aliamini nini. Maneno yake ya mwisho, ambayo ni ungamo la imani kwa kipimo chochote cha Kikristo, hayamo katika hukumu ya misheni wala katika hukumu ya kabila. Misheni haiwezi kuyasikia kwa sababu yalitamkwa na aliyevunja kanuni. Kabila haliwezi kuyasikia kwa sababu yanamtaja Yesu. Hivyo basi imani ya mtu binafsi yapotea kati ya kambi mbili, si kwa kuwa ni dhaifu, bali kwa kuwa haina kambi ya kuisemea.

Haifai hata hivyo kumgeuza Muthoni kuwa shahidi asiye na dosari. Alichokichagua kilimwua. Leo tunalitumia neno ukeketaji, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaupiga marufuku. Wala hakuna hoja ya kifasihi iwezayo kuuondoa uzito wa kitanda kile cha Siriana. Misheni ilikuwa na haki ilipousema ubaya wa kisu. Ilikosea ilipodhani kwamba haki hiyo iliipa pia mamlaka juu ya wokovu wa aliyekatwa. Mambo haya ni mawili, na mhakiki anayeyachanganya hufanya kosa lile lile la Joshua. Kwa upande mwingine, dhamiri safi haimkingi mwenyewe na madhara ya uamuzi wake. Riwaya inatukabili na mambo yote mawili kwa pamoja, na huo ndio uaminifu wake mkubwa.

Udhaifu wa riwaya

Kasoro ya kwanza ni kwamba Muthoni hana nafasi. Tunamsikia mtoni, tunamwona katika siku za tohara, kisha tunamkuta akifa. Safari ya ndani iliyomtoa kwenye swali la mtoni hadi kwenye maono ya kitandani haionekani. Maono yanakuja yamekamilika, na msomaji asiyependa kuamini aweza kuyaita homa. Laiti mwandishi angalituonyesha sala moja tu ya Muthoni akiwa kwa shangazi yake Kameno, asingeacha jambo hili likining'inia.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Mgogoro wa mwaka 1929 ulikuwa kwa sehemu kubwa mgogoro wa maneno, na mũirĩtu ndilo neno lililoubeba. Katika Kiingereza cha riwaya, neno hilo halina mahali pa kusimama, na Muthoni ananyang'anywa hoja ambayo wasomaji halisi wa enzi ile walikuwa nayo. Tukiihamishia habari yake katika Kiswahili, twakutana na jambo jingine la kufikirisha. Neno bikira halina jando wala unyago ndani yake. Lakini neno tohara, lililotokana na Kiarabu, kwa asili lina maana ya usafi. Ndiyo maana Wakatoliki huiita toharani mahali roho zinapotakaswa. Kwa hiyo msimulizi wa Kiswahili anayesema kwamba Muthoni alikwenda kwenye tohara amekwisha kumtetea nusu kabla ya kesi kuanza, na anayesema kwamba alikeketwa amekwisha kuihukumu mila. Hakuna neno lisilo na upande. Mwanafasihi anayeandika juu ya imani katika lugha za Kiafrika lazima aujue mzigo huu.

Nyambura na Kiama

Anayeupokea urithi wa Muthoni ni Nyambura. Ujumbe wa dada yake wamfanya aanze kuipima dini ya baba yake kwa kipimo cha upendo, na anaona kwamba dini inayomtenga mtu na mtu haiwezi kuwa ile iliyohubiriwa na Kristo. Mwishowe anasimama na Waiyaki na kuiacha nyumba ya Joshua. Lakini anatoka katika mkono wa asasi moja na kuangukia mkono wa nyingine. Kiama, kilichoapa kulinda usafi wa kabila, kinawachukua wote wawili ili kiwahukumu, na umati unatawanyika kimya. Kiama kina kiapo chake, waasi wake na adhabu zake, kama misheni ilivyokuwa navyo.

Historia nayo ina somo kama hilo. Waliokataa kirore hawakubaki kila mtu na Biblia yake. Walijenga shule, wakahitaji makasisi, na mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa African Orthodox Church alifika kutoka Afrika Kusini ili kuwafundisha na kuwawekea mikono. Hatuwalaumu. Mtoto huhitaji kubatizwa na maiti huhitaji kuzikwa, na imani ya mtu mmoja haina mikono ya kutosha kwa kazi hizo. Ngũgĩ mwenyewe alikwenda njia nyingine: mwaka 1970, akiuhutubia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alitangaza kwamba yeye si Mkristo, na kazi zake za baadaye zilimwona kasisi zaidi kuliko mwumini. Kwa sababu hiyo The River Between ina thamani ya pekee. Ni kazi yake ambamo imani ya msichana mmoja bado inachukuliwa kuwa jambo zito lenyewe, si kivuli cha mambo ya ardhi na mali.

Hitimisho

Kiswahili kinatenganisha dini na imani. Dini hufuatwa, imani huwekwa. Mtu aweza kutolewa katika dini na wazee au makasisi, lakini hakuna baraza linaloweza kumtoa katika imani. Muthoni alilijua jambo hili bila ya kufundishwa na mtu, na alilipia kwa uhai wake kosa ambalo halikuwa la imani hiyo. Sisi wahakiki tumemfasiri kwa muda mrefu kama Siriana na Kameno zilivyomfasiri, tukimpa kazi ya kuwa ishara ya kitu kingine. Tumsome basi kama alivyoomba asomwe katika ujumbe wake wa mwisho: kwamba alikuwa mwanamke, na kwamba alimwona Yesu.