Nani Kamuua Kapteni Alex?

Filamu hii niliiona Tandika, kwenye kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi katikati ya makonda wawili waliotoka zamu. Inaitwa Who Killed Captain Alex? Imetengenezwa mwaka 2010 huko Wakaliga, uswahilini Kampala, na Nabwana I.G.G., jamaa ambaye zamani alikuwa akifyatua matofali. Bajeti inayotajwa haifiki dola 200. Bunduki ni vyuma chakavu vilivyoungwa, helikopta ni ya kompyuta.

Kisa chenyewe ni hiki. Kapteni Alex, komando, anatumwa kulivunja genge la Tiger Mafia. Anamkamata ndugu wa bosi wao, Richard, naye Richard anaapa kulipa kisasi. Kabla hajakilipa, Alex anakutwa maiti. Ndipo anaingia ndugu yake, Bruce U, mtaalamu wa kung fu, kumsaka muuaji.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Lakini mimi nina hoja.

Ya kwanza ni sauti. Juu ya filamu anazungumza VJ Emmie mwanzo mwisho, anatania, anawasifia makomando, anawazomea majambazi. Sisi wa Dar hatushangai, tulikuwa na Lufufu aliyetutafsiria filamu za nje kwa mtindo huohuo. Ajabu ni kwamba filamu bila sauti hiyo haipo tena. Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi nyingine, ikabaki ile ya DVD yenye maneno ya VJ. Kwa hiyo mpiga porojo wa pembeni amekuwa mtunzi mwenza. Na kwa kweli anaibeba filamu: picha inapochechemea, yeye anaishika mkono.

Hoja ya pili ni lile swali la kichwani. Halijibiwi! Filamu inakwisha, muuaji hatumjui. Sisi tuliolelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa tunajua kwamba swali la mwandishi ni deni. Nikafoka palepale kibandani kuwa tumeibiwa. Konda mmoja akanigeukia: "Sasa we mwana, kwani wanaouawa huku kwetu wote wanajulikana nani kawaua?"

Nikanywea. Mtaani kwetu kijana mmoja aliokotwa mtaroni alfajiri. Tukazika, tukala ubwabwa wa msiba, mpaka leo hakuna anayejua. Na mimi nyumbani nina daftari tatu za riwaya ambamo mpelelezi anafumbua kila kitu ukurasa wa mwisho, muuaji analia, pingu zinalia. Nimeuandika mwisho huo kwa sababu nimeusoma, sikuwahi kuuona.

Hata hivyo siisamehi filamu yote. Swali lisilo na jibu lazima limuume mtazamaji, na ili limuume, kwanza amlilie marehemu. Hapo ndipo VJ anapokosea. Alex anakufa na utani unaendelea, hatuachiwi hata pumzi moja ya kusikitika. Tungenyamaziwa kidogo tu, tungetoka kibandani na swali lile kifuani. Tulitoka na mbavu zinazouma.

La mwisho, washikaji wenzangu mnaosubiri mfadhili. Wale jamaa wa Wakaliga waliuza DVD zao wenyewe, waigizaji wakizunguka mitaani kuwahi kabla wezi wa kazi za watu hawajazidurufu. Hawakusubiri kamera nzuri. Mimi nimesubiri taipu, kisha kompyuta, kisha mchapishaji, miaka miwili sasa.

Usiku ule nilichana kurasa kumi na moja za mwisho za riwaya yangu. Mama wa marehemu, ambaye sikuwa nimempa hata sentensi moja, sasa ana sura nzima. Muuaji bado simjui.